Matundu ya Chini

Boito,
Jumapili, 17 Agosti 1997

Kwa shemeji Omariba,

Pokea salamu kutoka huku kwetu kwa baridi, wewe uliye huko Nakuru kwa vumbi. Sisi tunaendelea. Elmina ana kikohozi lakini anakula, na mtoto akila mimi sina wasiwasi. Mzee anasema nikuambie kwamba yeye, baba yako Nyamwange, bado anajaza kikapu cha chai kabla ya saa nne asubuhi, na wewe na hizo nguvu zako za kupiga nyundo hujawahi kumfikia. Mama yako Nyabate miguu inamsumbua, mdomo ni mzima. Ile ng'ombe nyekundu imezaa ndama jike. Ukija Desemba utakunywa mursik, na usianze maneno yako ati Mkisii hanywi maziwa yenye mkaa. Mwaka jana ulimaliza kibuyu.

Na usicheke Kiswahili changu. Kikisii cha kwenu nakisikia lakini kukiandika siwezi, na wewe nikikuandikia Kikipsigis utazunguka gereji yote ukitafuta wa kukusomea.

Sasa sikia jambo langu. Ile karavani uliyoitengenezea kanisa imetuletea furaha na shida kwa pamoja. Furaha ni kwamba nyumba ya magurudumu ya meneja mzungu sasa inahubiri Injili. Watu wa kambi za chai wanaikimbilia. Mume wangu Robert na mwenzake Weldon wanatundika shuka nyeupe, jenereta inanguruma, sinema inaanza, watu wanaokoka. Ule mlango wako wa nyuma, unaoshushwa ukawa daraja la kupandishia pikipiki, hata madereva wa lori za majani wamekuja kuutazama.

Shida ni kulala humo ndani. Pikipiki na jenereta ziko nyuma, vitanda viko mbele, na katikati hakuna kitu. Robert akirudi nyumbani ananuka petroli mpaka kwa nywele. Kichwa kinamuuma, chakula hataki, na unajua Robert na chakula. Tena analia baridi. Kuna yale matundu mawili uliyoyatoboa chini kabisa, moja kila upande, makubwa kama sahani. Upepo unapita hapo unamkuta kitandani. Yeye anacheka tu, anasema ndugu yake alisahau kumaliza kazi. Mimi nikasema Omariba hasahau, labda ana sababu yake.

Hebu niambie, shemeji: hayo matundu ni ya nini?

Ni mimi shemeji yako mwenye maswali,
Tecla Chepkurui


Nakuru,
2 Septemba 1997

Shemeji Tecla,

Barua yako ilinikuta nikiwa chini ya basi, nikaisoma na mikono ya grisi, ndiyo maana nimechelewa kuijibu. Hapa ni kazi juu ya kazi. Afya iko. Jirani yangu wa gereji, Owino, ameoa tena, na sisi wote tunamhurumia huyo mama. Mwambie Mzee nimekubali, chai yake siiwezi. Mama mpake mafuta ya moto miguuni, na umwambie simsahau. Ndama hongera.

Nimefurahi kusikia karavani inasifiwa. Kamati ya kanisa walinikimbiza kama mwizi, walitaka iwe tayari kwa Jumapili ya kuiombea, lakini mkono wa fundi umeonekana.

Hayo mambo ya matundu, shemeji, wachia fundi. Mimi nimewahi kukuuliza kwa nini unasugua mkaa ndani ya kibuyu? Nitamweleza Robert mwenyewe tukikutana Desemba, si maneno ya kuandika kwa barua. Mwambie tu pikipiki ikiingia ndani afunge koki ya petroli. Na kichwa kumuuma ni kwa sababu ya kuimba sana. Aimbe polepole, Mungu si kiziwi.

Wako katika kazi,
Omariba


Boito,
14 Septemba 1997

Kwa fundi mkubwa asiyeulizwa,

Salamu. Nilisoma barua yako nikakasirika mpaka nikaunguza mboga. Eti niachie fundi! Nani anafua nguo za huyo mtu wa petroli, ni fundi?

Haya, yamepita. Kikohozi cha Elmina kimeisha. Mama tulimpaka mafuta, akasema yanamchoma, akaomba mengine. Mzee hajambo.

Robert alikuwa hapa siku nne badala ya mbili. Alitoka upande wa Litein akitapika, macho mekundu, anatembea kama amelewa, na huyo hajaonja pombe tangu abatizwe. Zahanati wakasema ni malaria. Alikunywa dawa, akapata nafuu siku ya pili, akatuambia sote dawa ni nzuri. Mimi niliwaza: mbona akilala nyumbani anapona, na akilala kwa hiyo nyumba yako anaugua? Nikamwambia afungue kidirisha cha juu, kile cha darini, harufu itoke kama moshi wa jikoni. Amekubali.

Na kwa ile baridi usijisumbue. Kwa kuwa fundi hana muda, nimemshonea mume wangu kitu. Amefurahi sana. Desemba atakuonyesha mwenyewe, na utaona kwamba si ninyi peke yenu mnaojua kazi.

Wameondoka jana. Wanaanzia Bomet, halafu watazunguka mpaka Kabianga.

Shemeji yako,
Tecla


Nakuru,
Ijumaa, 26 Septemba 1997

Robert na Tecla, nawaandikia wote wawili,

Natumai mko wazima. Salamu kwa Mzee na Mama. Nisameheni kama mwandiko ni mbaya, naandika mbio.

Owino ameungua. Alikuwa ndani ya shimo la kutengenezea magari akisafisha vyuma kwa petroli kwenye karai. Mteja mmoja akawasha sigara, naye alikuwa mbali, hatua kumi na zaidi. Nimeona kwa macho yangu haya. Moto haukuruka hewani. Ulitambaa chini kwa chini, kama maji yanayotafuta mtaro, ukaingia shimoni ukamkuta Owino. Miguu yote miwili. Yuko hospitalini, anaongea.

Nikaikumbuka barua yako, Tecla. Kutapika, macho mekundu, kutembea kama mlevi. Hiyo si malaria. Ni petroli mnayovuta mkiwa mmelala.

Tecla, petroli si moshi. Moshi wa jikoni unapanda. Huu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka, unalala sakafuni, unajaa polepole kama maji kwa karai. Kidirisha cha juu hakiusaidii kitu. Ndiyo maana nilitoboa yale matundu chini kabisa, ili utoke nje wenyewe. Yasifungwe. Hata mvua, hata baridi, hata vumbi, yasifungwe.

Robert, kabla ya kupandisha pikipiki, funga koki na uache injini ijizime yenyewe, kabureta ikauke. Kile kifuniko cha tanki kina tundu la kupumulia, na mkipanda mlima jua likiwaka, tanki linapumua petroli ndani ya nyumba yenu. Jerikeni ya jenereta isikae ndani hata dakika moja, ifungeni nje juu ya ulimi wa karavani, kile chuma cha mbele cha kuivutia. Mkifika mahali, fungueni mlango wa nyuma wote, mkae nje kwanza mpaka pua ziache kunusa. Na kwa jina la Mungu msiwashe stovu humo ndani. Hata kiberiti. Chai pikieni nje.

Kuna jambo lingine nililopaswa kufanya na sikulifanya. Nitakuja nilifanye, sitangoja Desemba. Nijibuni haraka.

Omariba


Boito,
Jumapili, 19 Oktoba 1997

Shemeji,

Tumeachana juzi tu na sasa nakuandikia. Mama amelala, hali ugali wala uji. Mzee anakwenda chai asubuhi, anarudi na kikapu kitupu. Elmina ananiuliza kama baba yake anasikia baridi huko chini. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Barua yako ya tarehe 26 nimeipata Alhamisi. Umeelewa? Alhamisi hii iliyopita. Walimu waligoma, hedimasta Chepyegon akaenda kwao na ufunguo wa sanduku la posta la shule mfukoni. Shule ikafunguliwa, akaniita kwa ukarimu kabisa, "Mama Elmina, una barua ya Nakuru." Muhuri wa posta unasema ilifika tarehe mosi. Robert alikufa tarehe saba. Siku sita maneno yako yalikaa ndani ya bati huku mume wangu anapumua. Niliisomea kwa kituo cha kupimia majani ya chai, kati ya akina mama na vikapu vyao. Sikulia. Nilimwita karani aniambie tena leo ni tarehe ngapi.

Kwa mazishi hatukuongea, kwa hivyo nakuandikia alivyosema Weldon. Ilikuwa karibu na Kabianga, saa tisa mchana, mvua ya mawe ikawapata wakifunga vyombo. Wakaingiza pikipiki mbio mbio, jenereta, jerikeni, vyote, wakafunga mlango. Weldon alibaki kwa kile kijilango cha pembeni akikung'uta mawe kwa koti. Robert akasema, "Wacha tupate chai." Akaweka stovu sakafuni, akapiga kiberiti. Weldon anasema hakuona moto ukianza. Aliona nyumba yote imekuwa ya bluu, halafu akajikuta kwa matope. Harufu ilikuwa ile ya kila siku, walishaizoea.

Sasa watu wameanza kusema. Kamati inasema fundi aliacha matundu chini, upepo ukaingia hapo ukauchochea moto. Mzee ameamini. Alipokushika mkono asikuache utupe udongo kaburini, mimi nilikuwa nimeinama, lakini niliona. Niliona pia ulivyotoka nje ya ua ukasimama barabarani peke yako, mtu mzima, mbele ya wageni.

Sina la kusema zaidi. Pole, shemeji.

Tecla


Nakuru,
9 Novemba 1997

Shemeji Tecla,

Salamu kwako na kwa Elmina. Kwa Mzee na Mama sijui kama salamu zangu zinapokewa, lakini zipeleke. Mvua hapa haijakatika, inasemekana ni ya El Niño na itazidi. Owino ametoka hospitalini na magongo.

Sikumkasirikia Mzee. Alinitumia ujumbe kwa hedimasta nisikanyage boma lake mpaka aseme mwenyewe. Ni haki yake.

Nitakuambia lile jambo ambalo sikulifanya. Karavani ilikuwa iwe na ukuta wa bati wa katikati, wa kutenga vitanda na petroli. Niliukata, nikautoboa, ukabaki kufungwa tu. Kamati wakaja, Jumapili imefika, nikasema chukueni, ukuta nitauleta. Uko hapa. Umeegemea mlango wa gereji, kila asubuhi nausogeza ili nipite. Kama ungekuwa mahali pake, labda ndugu yangu angekuwa na nafasi ya kukimbia.

Kamati waseme wanavyotaka. Lakini wewe nataka kukuuliza kitu kimoja, kisha ninyamaze. Siku ile, matundu yalikuwa wazi?

Omariba


Boito,
21 Desemba 1997

Kwa shemeji Omariba,

Nimekawia. Daraja la kwenda Bomet lilichukuliwa na maji, wiki mbili hakuna barua, hakuna sukari. Maporomoko yameshuka shambani, mistari minne ya chai imekwenda na mizizi yake. Ndama anaendelea. Elmina amefunga shule akiwa wa tatu. Weldon ameruhusiwa kutoka hospitalini arudi kwao, mkono mmoja haufungi ngumi. Kanisa limeuza chuma cha karavani.

Mama Nyabate hatoki kitandani sasa. Daktari anasema ni moyo. Anakutaja.

Mwaka huu Krismasi hatupiki. Mzee amesema tukae tu kama siku nyingine. Mvua ikiendelea hivi hata kuni kavu hakuna.

Nimekuandikia yote ya nyumbani. Ubaki salama.

Tecla


Nakuru,
11 Januari 1998

Tecla,

Heri ya mwaka mpya, tuseme hivyo kwa sababu lazima tuseme kitu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sikuona jibu. Sitauliza tena.

Nakuomba tu unieleze habari ya Mama. Anakula? Anamtambua mtu? Nilikuja mpaka Litein Jumamosi, nikashuka kwa stendi, nikakaa kwa hoteli mpaka chai ikapoa. Nikarudi Nakuru. Mtu hawezi kumpita baba yake mlangoni.

Omariba


Boito,
Jumapili, 1 Februari 1998

Shemeji Omariba,

Sina salamu leo. Nitaanza na jambo, halafu habari za nyumbani zitafuata, kama bado utataka kuzisoma.

Yalikuwa yamezibwa. Ni mimi niliyaziba.

Kile kitu nilichokuambia nimeshona, ni hicho. Nilikata sweta ya zamani ya Elmina, ile ya kijani ya shule. Nikashona mito miwili ya duara, nikapima kwa sahani ili ienee sawasawa, nikaijaza manyoya ya kondoo. Robert alifurahi kama mtoto. Aliiingiza mwenyewe hapa uani, akaigonga kwa ngumi, akaweka mkono hapo kusikia kama upepo unapita. Haukupita. Akasema, "Sasa ndiyo nina mke." Nilijivuna, shemeji. Nilijivuna sana, tena nilijivuna juu yako, kwa sababu hukunijibu.

Na bado nikamwambia afungue dirisha la juu. Hebu fikiria. Nilikuwa nadhani nimemaliza kila kitu: baridi nimeizuia, harufu nimeitafutia njia. Maisha yangu yote nimepika na kuni, moshi wote nilioujua ulipanda.

Watu waliposema ni fundi, sikunyamaza kwa hofu peke yake. Nilishukuru. Haki ya Mungu nakuambia, nilishukuru kwamba kuna mtu mwingine. Ulipokuwa umesimama barabarani siku ya mazishi nilisema moyoni, wacha awe yeye. Barua yako ilipofika Alhamisi ile nikaona "yasifungwe", niliikunja ndogo nikaiweka chini ya unga. Mpaka leo iko hapo.

Lakini sasa Mama anaisha. Mtu yeyote akiingia mlangoni, hata kuku, anauliza, "Ni Omariba?" Namwambia hapana Mama, ni mimi. Anageuka ukutani. Mara ngapi kwa siku nitamwambia hapana, na mimi ndiye sababu?

Jumatano nilimfuata Mzee kwa chai nikamwambia. Nilimwambia yote: sweta, sahani, dirisha, barua. Aliendelea kuchuma. Alichuma mpaka mwisho wa mstari, majani mawili na chipukizi, hakuangusha hata moja. Halafu akaweka kikapu chini, akasema maneno haya, nakuandikia vile vile: "Mtoto mmoja nimezika. Mwingine yuko Nakuru, ana kazi yake. Wewe uko hapa na mjukuu wangu. Watu wa kanisa wakisikia, na watu wa ukoo wakisikia, hutakaa kwa hii boma. Nyamaza." Nikasema, na Omariba? Akasema, "Mwandikie aje. Nitasema mbele ya watu kwamba nimemsamehe."

Nilipiga magoti hapo kwa matope nikamwambia baba, huwezi kumsamehe mtu ambaye hajakosa. Akabeba kikapu akaenda kupima majani.

Kwa hivyo nakuita nyumbani, shemeji, uje usamehewe kosa langu. Mimi mwenyewe nikiiandika hiyo sentensi naona haya. Ukitaka kuja useme ukweli mbele ya wote, sema. Sitakukatalia. Nitasimama pale useme.

Tecla


Nakuru,
9 Februari 1998

Shemeji Tecla,

Salamu kwako, kwa Elmina, kwa Mzee, na kwa Mama zaidi ya wote. Safari hii Mama akiuliza kama ni mimi, mjibu ndiyo. Nitafika Ijumaa, tarehe 20.

Sitasema kitu mbele ya watu. Mzee ana hesabu zake na ziko sawa. Nitasimama, atasema amenisamehe, nitainamisha kichwa.

Nilijua, Tecla. Nilijua kabla ya mazishi. Nilipofika ile Jumatano baada ya moto nilipitia Kabianga kwanza, kabla kamati hawajakwenda, kwa sababu nilitaka kuona kazi yangu. Upande wa kushoto ulikuwa majivu matupu. Upande wa kulia mlipuko ulikuwa umeufyatua mto wako, ukaangukia majani yenye maji, nusu umeungua. Nilijua ni sweta ya Elmina, mimi ndiye niliyeinunua. Niliutia ndani ya koti. Nilizika ndugu yangu nikiwa nao mfukoni, na Mzee aliponishika mkono nisitupe udongo, mkono wa pili ulikuwa umeushika huo mto. Kama ningeutoa nikauonyesha, wewe ndiye ungesimama barabarani.

Usifikiri nilifanya hivyo kwa wema. Nilikuchukia. Mwezi mzima nilikuchukia mpaka nikashindwa kula. Nilikuuliza kuhusu matundu nikitaka usongwe na jibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Kwa hilo nalo nakuomba msamaha.

Halafu siku moja, natafuta risiti ya mteja, nikaishika barua yako ya Agosti. Ile ya kwanza. Ina alama za vidole vyangu vya grisi. Umeandika, "Hebu niambie, shemeji: hayo matundu ni ya nini?" Uliuliza vizuri. Uliuliza mtu aliyejua. Na mimi nikakujibu kuhusu kibuyu na kuhusu kuimba, nikaona nimekuwa hodari.

Tangu hapo nimekuwa nikiandika barua moja kichwani kila siku, nikiwa chini ya magari. Leo nimeiandika kwa karatasi. Haina kazi tena, lakini ni yako. Nimeifunga pamoja na hii.

Usimwambie Elmina mambo ya sweta. Kamwe.

Omariba


Nakuru,
2 Septemba 1997

Shemeji yangu Tecla,

Barua yako nimeipata, nimefurahi. Ndama hongera, na kikohozi cha mtoto kipone.

Umeniuliza matundu ni ya nini. Petroli inatoa mvuke mzito unaolala sakafuni, na matundu hayo ni ya kuutoa nje. Msiyazibe, hata baridi iwe kali namna gani. Ukuta wa katikati nakuja kuufunga Jumamosi.

Mfumie Robert soksi nzito.

Shemeji yako,
Omariba